Kazi katika Kampuni Kubwa ya Programu

Fungueni madaftari yenu, na mwalimu aandike ubaoni neno moja: PROGRAMU.

Programu ni nini? Kompyuta ni mashini. Haina akili yake. Hufanya ilivyoagizwa tu. Maagizo hayo huandikwa na watu, mstari baada ya mstari, na maagizo hayo yakiwekwa pamoja ndiyo programu. Simu yako nayo ina programu. Ukituma fedha kwa simu, programu ndiyo inayohesabu.

Leo tutazame jinsi watu wanavyofanya kazi hiyo katika kampuni kubwa. Mfano wetu ni Microsoft. Ilianzishwa mwaka wa 1975 na vijana wawili wa Marekani, Bill Gates na Paul Allen. Tangu mwaka wa 1986 makao yake makuu yako Redmond, katika jimbo la Washington. Ina wafanyakazi zaidi ya 200,000 duniani, na mwaka wa 2019 ilifungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi.

Labda unafikiri fundi wa programu hukaa peke yake na kompyuta yake. Sivyo. Programu moja ya kampuni hiyo huitwa Windows. Mwaka wa 2017 kampuni ilieleza kwamba maandishi ya Windows yalikuwa mafaili kama 3,500,000, na mafundi wake walikuwa kama 4,000. Nani awezaye kuyasoma yote? Hakuna. Kila fundi ana sehemu yake ndogo, kama waashi wengi wanaojenga nyumba moja. Akimaliza kuandika, mwenzake huisoma kazi yake na kuikosoa. Kisha hujaribiwa. Kosa la mstari mmoja laweza kusimamisha kazi ya wengi. Kwa hiyo fundi haandiki tu mchana kutwa. Husoma kazi za wenzake, huuliza, hujibu, huketi mikutanoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Kazi ikiwa ni ya wengi, sifa apewe nani?

Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuwapanga wafanyakazi wa kila kikundi kwa daraja. Hata kama wote wamefanya kazi vizuri, ilikuwa lazima baadhi yao wawekwe chini. Fikirini darasa lenu. Mwalimu akisema, "Hata mkijua kusoma nyote, wawili wenu lazima waanguke," je, utamwonyesha jirani yako herufi asiyoijua? Au utaificha?

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 2012 jarida la Vanity Fair la Marekani lilitoa habari za wafanyakazi waliolalamikia desturi hiyo. Mafundi hodari walikwepa kuwa kikundi kimoja na hodari wenzao, wasije wakashindwa nao. Watu walishindana na jirani wa meza ya pili, badala ya kushindana na kampuni nyingine. Wenyewe walikuwa na akili nyingi. Mpango ndio uliowatenganisha.

Mwezi wa Novemba 1913? La, si zamani hivyo: ni Novemba 2013. Ndipo kampuni ilipoiacha desturi hiyo. Tangu hapo mfanyakazi aliulizwa pia: Umewasaidiaje wenzako? Umetumiaje mawazo yao?

Msidhani kwamba shida zilikwisha. Mshahara ni mzuri, lakini kazi haina ahadi ya milele. Mwezi wa Januari 2023 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi 10,000. Hata fundi hodari aweza kuambiwa kwaheri.

Lakini somo letu linabaki. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitaka watu wasaidiane, usiwapimie kwa kipimo kinachomfaidi anayemwangusha mwenzake. Neno hili ni kweli Redmond, ni kweli katika chama cha ushirika, na ni kweli katika darasa hili.

Maswali ya kuzungumza:
1. Programu ni nini?
2. Kwa nini fundi husomewa kazi yake na mwenzake?
3. Katika kazi yako, nani husifiwa: anayesaidia au anayeficha?

Andikeni jibu la swali la tatu kwa mistari mitatu. Kwaherini mpaka somo lijalo.