Kitanda Usichokilalia: Usonji kwa Maneno ya Wenye Usonji

(Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata)



Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kwa miongo kadhaa usonji ulielezwa na watu ambao hawakukilalia kitanda hicho. Madaktari na wanasaikolojia waliwatazama watoto, wakaandika, wakabishana. Wenye usonji wenyewe hawakuulizwa. Mazungumzo haya yanahusu kilichotokea walipoanza kusema, na namna jambo hilo linavyomgusa mhudumu wa zahanati na mwalimu wa darasa la kwanza.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Huonekana katika namna ya kuwasiliana na watu, katika mazoea na mambo yanayopendwa mno, na katika jinsi sauti, mwanga, harufu au mguso unavyopokelewa mwilini. Wapo wenye usonji wanaoandika vitabu, na wapo wasiotamka neno hadi uzeeni. Hauambukizi.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11. Alizieleza tabia zao kwa makini, lakini aliongeza kwamba wazazi wenye moyo mkunjufu walikuwa wachache miongoni mwa wazazi wao. Mbegu hiyo ikaota. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto wenye misukosuko ya kihisia jijini Chicago, alitoa kitabu kilichowatwika wazazi lawama, mama akiwa wa kwanza: mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa kuwa hakuona upendo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga hoja ya namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1964, akisema chanzo kitafutwe mwilini, si katika malezi. Leo nadharia ya mama asiye na upendo imetupwa. Ndugu yake, hata hivyo, yu hai mitaani: mama huambiwa amevunja mwiko, amerogwa, au analipwa kwa alichotenda usichana wake. Maneno ya barazani hayatofautiani sana na ya kitabu kile, isipokuwa kitabu kiliuzwa.

Lawama ilipoondoka kwa mama, ilihamia kwa mtoto. Mwaka 1985, jijini London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walichapisha jaribio la wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi katika kikapu, anatoka. Anne anaihamishia katika boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionesha mahali gololi ilipokuwa kweli, si mahali Sally alipoiacha. Watafiti wakahitimisha kwamba tatizo la msingi la usonji ni kushindwa kufikiri juu ya kile ambacho mwenzako anakijua au kukiamini. Jaribio lenyewe lilikuwa la haki. Shida ilitokea lilipotoka maabara na kuingia midomoni mwa watu, kwa kuwa huko liligeuka kuwa sentensi moja fupi: hawa hawana huruma.

Wenye usonji waliisikia sentensi hiyo, na baadhi yao wakaijibu. Mwaka 1993, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Toronto, Canada, Jim Sinclair alizungumza na wazazi. Alikubali kwamba mzazi huumia pale mtoto aliyemtarajia asipofika. Lakini aliwaomba wasimlilie mtoto aliye hai mbele yao kama aliyekufa, kwa kuwa mtoto huyo anawasubiri, ingawa anasubiri kwa lugha wasiyoizoea.

Jibu la kinadharia lilikuja mwaka 2012 kutoka Uingereza. Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji ambaye pia ana mtoto mwenye usonji, aliandika makala kuhusu kile alichokiita tatizo la huruma la pande mbili; huruma hapa ni ule uwezo wa kuyahisi yaliyo moyoni mwa mwenzako. Hoja yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuimeza. Watu wawili wenye namna tofauti za kuuona ulimwengu wanapokutana, wote wawili hukosea kusomana. Mwenye usonji hamwelewi asiye na usonji. Naye asiye na usonji hamwelewi mwenye usonji. Kwa nini basi kasoro iandikwe katika faili la mmoja tu?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliipima hoja hiyo kwa mchezo wa kupokezana hadithi, kila kundi likiwa na watu 8. Matokeo yao ya mwaka 2020, yaliyohusu watu 72, yalionesha kwamba wenye usonji walipokezana habari kwa usahihi sawa na wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi pale makundi yalipochanganywa. Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2025, wenye watu 311, haukuikuta tena tofauti hiyo ya makundi mchanganyiko. Nadharia ya Milton bado inajadiliwa, na ni vema iwe hivyo. Lililojirudia mara zote mbili ni kwamba wenye usonji hawakuonekana kuwa na upungufu katika kupashana habari.

Hapa kata ina jambo la kujiuliza. Katika kliniki za Ulaya na Marekani, mtoto asiyemtazama mtu machoni huhesabiwa kuonesha dalili. Katika nyumba nyingi za hapa, mtoto anayemkazia mzee macho ndiye mtovu wa adabu. Kwa hiyo dalili hiyo inaweza kupita bila kuonekana, huku nyingine ikigeuzwa kosa: kutoamkia. Mtoto mwenye usonji asiposema shikamoo, wapita njia humwita mwenye kiburi na mama yake huambiwa hakumfunza. Pengine mtoto ameisikia salamu, lakini kelele za pikipiki na muziki wa kibandani vimemjaa kichwani, na neno halitoki kwa wakati unaotarajiwa. Mzee amemsoma vibaya mtoto kama vile mtoto alivyomsoma vibaya mzee.

Nadharia nyingine iliyotoka kwa wenyewe itawafaa walimu. Mwaka 2005 Dinah Murray na Wenn Lawson, wote wenye usonji, pamoja na Mike Lesser, waliandika kwamba akili ya mwenye usonji huelekeza nguvu zake nyingi katika jambo moja kwa wakati mmoja, kama maji ya mfereji mmoja wenye kasi. Kumkatisha ghafla kunaumiza. Mwanafunzi anayelia kengele inapogonga huenda hana ukaidi wowote. Ameng'olewa katikati ya jambo. Kumwarifu dakika chache kabla hakuna gharama, na analolipenda, liwe magari au hesabu, linaweza kuwa mlango wa somo.

Wapo wazazi watakaouliza, na wana haki: nadharia hizi zinamsaidia nini mtoto wa miaka 12 asiyesema, asiyelala usiku, anayejipiga kichwa ukutani? Kusema kwamba kutoelewana kuna pande mbili hakufuti ulemavu wala uchovu wa anayemlea. Mtoto huyo anahitaji mtaalamu, shule na mapumziko kwa mlezi, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya elimu. Kinachobadilika ni namna ya kumtazama anapojipiga. Badala ya kuuliza jinsi ya kumkomesha, anayemhudumia huanza kutafuta kinachomsumbua: jino, sikio, tumbo, au taa inayowakawaka.

Mzazi mwenye wasiwasi aanzie zahanati au kituo cha afya, na pia amwone afisa ustawi wa jamii na mwalimu mkuu. Aende na daftari lenye maelezo ya siku kadhaa: mtoto alifanya nini, wakati gani, nini kilitangulia, na nini kilimtuliza. Aandike pia anayoyapenda. Mhudumu asimkazie mtoto macho wala kumshika bila kumwashiria kwanza. Aulize swali moja, kisha asubiri jibu kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Foleni ikiwa na kelele, familia iruhusiwe kungojea chini ya mti na kuitwa zamu yake ifikapo. Kwa mtoto asiyesema, mzazi aulizwe mapema ni ishara gani mtoto huitumia kukataa, na ishara hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki ili muuguzi wa zamu nyingine aikute.