Maziara ya Ufuko wa Ziwa Viktoria na Taarikhi ya Taifa



Mada niliyopewa fursa ya kuileta mbele yenu yahusu taarikhi ya taifa letu la Tanzania kama inavyosomeka katika makaburi ya ufuko huu wa ziwa. Na hoja yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha kwa mifano mitatu, ni kwamba kuhesabu waliokufa, ingawa ni faradhi ya serikali yoyote, hakutoshi kuwakumbuka, madhali hatujui waliishije.

Mfano wa kwanza ni Kageye, katika wilaya ya Magu, ambako mpelelezi Stanley aliwasili na msafara wake mwishoni mwa Februari 1875. Wakati yeye akilizunguka ziwa kwa mashua, kambini akafariki Frederick Barker, kijana aliyekuwa karani wa hoteli London. Na katika siku hizo wakafariki pia Waungwana kadha, yaani watu wa Unguja na pwani waliokuwa katika msafara, miongoni mwao Mabruki Speke, ambaye alikwisha kufuatana na wapelelezi Burton na Speke katika safari yao ya bara iliyoanza mwaka 1857. Kwa ujuzi wa njia na tabia za nchi, Mabruki alikuwa mwalimu wa wote wawili, Barker na bwana wake. Walakini mtoto wa shule hufundishwa jina la Stanley, na ni nadra kulisikia la Mabruki.

Mfano wa pili ni Igoma, mashariki ya mji wa Mwanza, walikozikwa wengi wa abiria wa MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Meli ile, iliyosafiri usiku kutoka Bukoba na kupitia Kemondo, ndiyo iliyounganisha masoko ya Kagera na Usukuma: mama aliyepakia mikungu yake ya ndizi jioni alitaraji kuishusha bandarini Mwanza asubuhi, aiuze, kisha arejee na ada ya shule ya wanawe. Nafasi ya meli ilikuwa ya abiria 430, nayo ikabeba wengi kupita kiasi hicho. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa katika orodha. Wa daraja la tatu hawakuandikwa, na kwa sababu hiyo idadi kamili ya waliofariki haijaafikiwa hata leo. Basi fukara yule ambaye karani hakumwandika alipokuwa hai, ndiye huyo huyo aliyelala Igoma pasina jina.

Mfano wa tatu ni Bwisya, kisiwani Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu na gati, wakafa watu zaidi ya 220, na baadhi yao, wasiotambuliwa na jamaa zao, wakazikwa pale pale kisiwani. Ilipita miaka 22 baina ya misiba hii miwili, na ibra ya kwanza ilikuwa haijatufaa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila shule iliyo jirani na maziara haya ikabidhiwe kazi ya kukusanya, kwa Kisukuma, Kihaya, Kikerewe au Kikara, habari za kila marehemu kutoka kwa aila yake: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alisafiri kwa haja gani, na nani walimtegemea, na nakala zihifadhiwe katika ofisi ya kata na katika Nyaraka za Taifa. Kazi hii haina muhula mrefu, kwani mzazi aliyempoteza mwanawe mwaka 1996 naye sasa ni mzee. Naiomba semina hii iazimie kuanza na Igoma, na iazimie pia kuwataka wenye vyombo vya majini waandike jina la kila apandaye, wa daraja lolote, kabla ya kamba kufunguliwa.