Vyeti Baadaye, Kazi Haiuzwi



Anayetafuta kazi huanza kutoa pesa kabla hajaingiza hata shilingi: nauli, saiba, kisha vyeti vya KRA, HELB, CRB, EACC na kile cha tabia njema kutoka DCI. Wengine hukopa.

Sheria ya Ajira, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, inamruhusu mwajiri kuitisha vyeti hivyo pale tu anapokusudia kuandikiana mkataba na mtu. Kwa hivyo, pesa za vyeti zisubiri.

Nafasi za kaunti nazo hutangazwa wazi na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kama inavyoagiza sheria ya 2012. Anayeitisha "kitu kidogo" ili jina liingie kwenye orodha ni tapeli. Mzazi asiuze mbuzi; apige ripoti kwa polisi.