Shukrani za Mwisho wa Mwaka: Hamsini Yako Haikuwa Kidogo



Ndugu zangu, dada zangu, na mama zetu mlioketi hapa mbele. Dini yetu inatufunza kuwa shukrani kwa Allah haitimii bila kuwashukuru waja wake. Kwa hivyo leo sikuja na ripoti. Nimekuja kusema asanteni.

Asante kwa kijana aliyetuma shilingi 50 kwa M-Pesa, kisha akaomba msamaha ati ni kidogo. Ndugu yangu, hiyo hamsini ilitoa fotokopi za hati ya kiapo. Bila karatasi, wakili aende kortini na nini?

Asante kwa mawakili waliosimama bila malipo. Asante kwa nyinyi mliokaa kwenye benchi za korti tangu asubuhi, kesi ikaahirishwa, na tarehe nyingine mkarudi. Hakimu anawaona. Polisi wanawaona. Na familia inajua haiko peke yake.

Asante kwa wenye Katiba kwenye simu. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda umeishia usiku au wikendi. Mwaka huu mmoja wenu alisimama kaunta ya kituo usiku, akauliza kwa adabu tu: "Afande, ndugu yangu ana kosa gani, na atapelekwa korti gani?" Hakuondoka mpaka jina likaandikwa kwenye OB. Jina likishaandikwa, mtu hapotezwi kirahisi.

Lakini sitawadanganya kuwa tumeshinda. Kuna mama yuko nasi hapa leo, simtaji jina. Mwanawe hajarudi. Kila simu ikilia, anashtuka. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kuiomba korti iamuru mtu aletwe mbele yake haipunguzwi kwa sababu yoyote, hata ukiambiwa ni usalama wa nchi. Tutaendelea kuomba mpaka mama huyu apate jibu.

Basi Januari kesi zikianza, msitume pole za mtandaoni peke yake. Njooni kortini. Kama huna nauli, sema, tutachanga.

Allah awalipe kheri, awarudishe waliopotea, na awape subira wanaosubiri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam aleikum.