NAULI YA NDEGE KWA SAFARI ZA NJE: HESABU KWANZA, TIKETI BAADAYE

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya Shinyanga, Kahama na Geita



Zamani mkulima wa Usukuma aliposema kwamba anasafiri, majirani walielewa kuwa anakwenda Mwanza, Tabora au, safari ikiwa ndefu sana, Dar es Salaam. Leo mambo yamebadilika. Katika kijiji kimoja atapatikana mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya masomo India, mchimbaji mdogo anayetaka kwenda Guangzhou kutafuta karasha la kusagia mawe, mgonjwa aliyeshauriwa kutibiwa Mumbai, na Mwislamu anayeweka akiba ya Hija. Wote hao ni wanachama, na fedha watakazolipia nauli zinatokana na pamba, choroko, dengu, ng'ombe au dhahabu. Kwa hiyo nauli ya ndege si jambo la wakubwa wa mjini peke yao. Ni matumizi makubwa ya mwanachama, na inastahili kujadiliwa kwa makini yale yale yanayotumika katika kujadili bei ya mbegu na dawa za pamba.

MKASA WA NG'OMBE SITA

Mwanachama mmoja wa chama cha msingi wilayani Kahama, mama mjane, alikuwa na mtoto aliyekubaliwa na chuo kimoja cha India. Barua ilifika mwezi wa Machi, na chuo kilikuwa kifunguliwe Agosti. Miezi minne ilipita pasipo mtu yeyote kuulizia nauli, kwa maana kila mmoja alidhani kwamba tiketi ya ndege, kama ile ya basi, hununuliwa siku mbili kabla ya kuondoka.

Julai ilipokaribia kwisha, ng'ombe sita walipelekwa mnadani kwa siku moja. Wachuuzi walipotambua shida ya mama yule, walimpa bei ya shida. Fedha alikabidhiwa mtu mmoja mjini aliyejiita wakala, naye akatoa karatasi iliyopigwa chapa vizuri, yenye jina la msafiri, tarehe na saa ya kuondoka. Kijana alipofika uwanja wa ndege Dar es Salaam alielezwa kwamba nafasi iliwekwa kweli, lakini haikulipiwa, na muda wake ulipokwisha ikafutwa. Karatasi ile haikuwa tiketi. Kijana akarudi Kahama kwa basi, na nafasi ya chuo ikampita mwaka ule.

Mkasa huu umebeba makosa matatu: kuchelewa, kutofanya hesabu, na kulipa bila ushahidi. Kila kosa lina dawa yake, na dawa hizo hazihitaji elimu kubwa.

FUNZO LA MWAKA 1959

Tatizo la nauli si geni katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, vijana wengi wa Kenya na nchi jirani walipata nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani, lakini walishindwa kwenda kwa sababu ya nauli. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alishirikiana na rafiki zake wa Marekani katika mfuko ulioitwa African American Students Foundation. Badala ya kumtafutia kila kijana tiketi yake, walikodi ndege nzima. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwenda New York katika safari moja.

Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya kazi hiyo, na miongoni mwa wasafiri wakawamo vijana wa Tanganyika. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevushwa kwa mpango huo. Mmojawapo wa kundi la mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Inafaa ieleweke kwamba usafiri wa ndege haukuwa rahisi katika siku hizo. Gharama ya kila kiti ilipungua kwa sababu wanunuzi waliungana na kujipanga mapema. Hiyo ndiyo kanuni iliyowaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Kinachofaa katika kuuza pamba chaweza kufaa katika kununua nauli.

BEI YA KITI HAIKAI MAHALI PAMOJA

Basi la kwenda Dar es Salaam lina nauli inayojulikana. Ndege haiko hivyo. Abiria wawili waliokaa bega kwa bega, wakila chakula kile kile, wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazotofautiana sana. Shirika la ndege hugawa viti vyake katika mafungu ya bei. Viti vya bei nafuu ni vichache, na kwa kawaida ndivyo vinavyokwisha kwanza. Anayekuja mwishoni hukuta mafungu ya bei kubwa tu. Tena, miezi ya likizo na ya kufunguliwa vyuo, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, pamoja na Desemba, huwa na wasafiri wengi, na bei hupanda.

Kwa hiyo mwanachama aulizie nauli katika juma lile lile alilopata barua ya chuo au ya hospitali, hata kama hana shilingi mkononi. Aulize bei ya tarehe mbalimbali, maana kuahirisha safari kwa siku mbili au tatu kwaweza kuokoa fedha nyingi. Kununua mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya safari mara nyingi huwa na nafuu. Lakini viza ikiwa haijapatikana, asinunue kabla ya kuuliza swali hili: tarehe ikibadilika au safari ikivunjika, atakatwa kiasi gani? Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairudishiwi fedha.

Wachimbaji wa Geita wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Kabla ya soko la madini la Geita kufunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo mara nyingi alimuuzia dhahabu mtu wa kati pasipo kujua bei ya siku ile. Asiyejua bei ya siku hupangiwa bei na mwenzake. Mnunuzi wa tiketi asiyeulizia penginepo yumo katika hali ile ile.

NJIA NI ZAIDI YA MOJA

Msafiri wa kanda hii ana milango kadhaa ya kutokea. Upo uwanja wa Mwanza, ambao kwa watu wa Geita na Sengerema umekuwa karibu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa hakuna tena kusubiri kivuko. Upo uwanja wa Chato mkoani Geita. Ipo Dar es Salaam, ambako mashirika ni mengi na ushindani ni mkubwa. Air Tanzania yenyewe ilianza safari za Mumbai mwaka 2019. Anayetoka Shinyanga aweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha akapanda treni ya umeme iliyoanza kazi kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024.

Iko pia milango ya majirani. Kutoka Kahama kupitia Nyakanazi na Rusumo, Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam. Nairobi hufikika kupitia Sirari, na Entebbe kupitia Mutukula. Mtanzania haombi viza ya kuingia katika nchi hizo, bali awe na hati yake ya kusafiria. Bei za milango hii zilinganishwe kila safari, kwa sababu mlango ulio nafuu mwaka huu waweza kuwa ghali mwaka ujao.

Hapa pana hatari mbili. Kwanza, tiketi iliyoandikwa kuanzia Mwanza isianzwe Dar es Salaam. Abiria asipotokea katika kituo cha kwanza, kwa kawaida shirika hufuta safari zote zilizobaki katika tiketi hiyo. Pili, anayenunua tiketi mbili mbalimbali na kuziunganisha mwenyewe ajue kwamba ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumngoja wala kumlipa.

HESABU KAMILI

Bei iliyotangazwa si gharama ya safari. Ichukuliwe kwa mfano kwamba tiketi ya kwanza ni shilingi 1,900,000, pamoja na begi la kilo 23, na msafiri anabadili ndege mara moja. Tiketi ya pili ni shilingi 1,650,000. Anayetazama haraka atachukua ya pili. Lakini ya pili haina begi, na begi ni shilingi 170,000. Msafiri atalala njiani usiku mmoja, na malazi na chakula ni shilingi 90,000. Nchi anayopitia inadai viza ya kupita, shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 2,030,000. Ile iliyoitwa nafuu imezidi kwa shilingi 130,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini namna ya kuhesabu ni ya kweli.

Basi kila msafiri aandike katika karatasi moja: nauli ya kufika uwanjani, tiketi na kodi zake, mizigo, malazi ya njiani, viza, chanjo inayotakiwa, na nauli ya kutoka uwanja wa huko hadi anakokwenda. Mwanafunzi aulize kama shirika lina nauli au nyongeza ya mzigo kwa wanafunzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ni hivyo hivyo.

USHAHIDI WA MALIPO

Kuwekewa nafasi si kununua tiketi. Nafasi huwa na kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Tiketi iliyolipiwa huwa na namba yake yenye tarakimu 13. Asiyeiona namba hiyo asihesabu kwamba amenunua. Baada ya kulipa, msafiri au katibu wake aingize kumbukumbu ile katika tovuti ya shirika lenyewe, au apige simu katika ofisi ya shirika, ahakikishe jina, tarehe na malipo. Fedha zilipwe kwa akaunti ya kampuni na risiti ipatikane, wala zisitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Jina liandikwe kama lilivyo katika hati ya kusafiria, herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtu aweza kuwa na jina la ukoo, jina la ubatizo na jina la shuleni. Uwanjani linatambuliwa moja tu, na kusahihisha jina baada ya kununua huwa ni gharama.

WAJIBU WA CHAMA

Fedha za mazao ya wanachama zisikopeshwe kwa nauli. Jambo hilo lisijadiliwe hata kidogo. Mahali pa akiba ya safari ni chama cha akiba na mikopo, kwa kufuata masharti yake, uamuzi wa mkutano mkuu na ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Msimu wa pamba hufunguliwa mwezi wa Mei. Mwanachama anayejua kwamba mtoto ataondoka Agosti atenge sehemu ya malipo ya kwanza badala ya kungoja mpaka aswage zizi zima mnadani.

Katibu aweza kuwa na orodha ya wanachama wanaotarajia kusafiri, mwezi na mahali wanapokwenda. Abiria 10 au zaidi wa safari moja mara nyingi huweza kuomba nauli ya kundi. Chama kimoja hakiwezi kuwapata 10, lakini vyama 20 vyaweza, na hapo ndipo chama kikuu kinapohitajika.

Mama yule wa Kahama alimsafirisha mwanawe mwaka uliofuata, chuo kilipokubali kumpokea. Nauli ililipwa mwezi wa Mei kwa fedha za pamba, na katibu wa chama chake alikaa naye kuisoma tiketi hadi namba ya mwisho. Kijana aliondoka. Ng'ombe sita hawakurudi. Ni wajibu wa makatibu kuona kwamba mzazi mwingine hanunui funzo hili kwa bei ile.