Lugha Mbili Katika Kikao Kimoja: Mhadhara wa Umma juu ya Hamahama ya Lugha Nachingwea na Ruangwa



Yako mazoea, hata miongoni mwetu tuliosomeshwa ilimu ya lugha, ya kumdhania mtu achanganyaye lugha katika maneno yake, akihama kutoka moja hadi nyingine na kurudi, kuwa amepungukiwa, kwamba lugha moja imemwishia njiani akalazimika kukopa nyingine. Na dhana hiyo, kwa kadiri nilivyoichunguza, naiona batili, na mahali pa kuibatilishia si Dar es Salaam wala Nairobi, ambako aghalabu utafiti wetu hukomea, bali ni wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania.

Nchi hiyo kwa asili ni ya Wamwera, ila Wamakua, Wayao na Wamakonde wamekaa humo na kuoana nao tangu zamani. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo, Kiswahili, kilichokwisha kufika huko tangu zama za misafara ya Kilwa, kilizidi kukita mizizi kikawa lugha ya kazi. Mradi ulikufa 1951, reli yake ikaja kung'olewa, Kiswahili hakikung'oka. Kisha wakaja wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, walioifanya Nachingwea kambi yao kuu ya mafunzo hata Msumbiji ikapata uhuru 1975, nao Kireno kilikuwa lugha ya chama chao, ilhali Kimakonde na Kimakua walizozaliwa nazo wengine wao ndizo hizo hizo zisemwazo ng'ambo hii ya mto Ruvuma.

Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanazuoni yule yule aliyetukusanyia mashairi ya Muyaka, alieleza mwaka 1972 kwamba Mtanzania huishi katika ngazi tatu za lugha: ya kabila nyumbani, Kiswahili katika mambo ya taifa, na Kiingereza katika elimu ya juu. Kwa mbali, mpango huo ni sahihi. Lakini hebu tuusogelee, katika mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, msimu wa korosho.

Katibu asimama kusoma matokeo ya mnada: bei ya daraja la kwanza kwa kilo, makato, siku ambayo fedha zitaingia benki, yote kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ofisi. Mzee mmoja, ambaye Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha katibu, anyanyuka na kuuliza kwa Kimwera kwa nini makato yamezidi. Akifika kwenye hesabu aingia Kiswahili, kilo, shilingi na asilimia, kisha arejea Kimwera kuhitimisha lawama. Katibu yumo mtihanini. Akijibu kwa Kiswahili, amejibu kama mtumishi wa chama; akijibu kwa Kimwera, amekiri kuwa ni mpwa anayehojiwa na mjomba, na katika ukoo uhesabiwao kwa upande wa mama, mjomba si mtu wa kujibiwa kwa kanuni za ofisi. Fauka ya hayo, karani mgeni aliyeketi naye mezani, aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, amekwisha kuachwa nje ya mazungumzo, na huenda mzee alilikusudia hilo tangu mwanzo. Basi katibu hujibu kwa zote mbili: heshima kwa Kimwera, tarakimu kwa Kiswahili. Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya Nairobi na kutoa kitabu chake 1993, alisema kila lugha huja na haki na wajibu wake. Naye mzee wetu anajua haki ipi aidai kwa lugha ipi.

Ama wale wasemao kwamba mchanganyaji huvunja sarufi, wamsikilize mwanafunzi asemaye "nifowadie ile meseji". Kiambishi cha mtendewa kimekaa mahali pake, kauli ya kutendea ipo, irabu ya kuombea ipo mwishoni. Katika kitenzi hicho Kiingereza kimeleta mzizi tu, nacho kimetii.

Baina ya Kiingereza na Kiswahili mshono unaonekana. Baina ya Kimwera na Kiswahili, ambazo ni ndugu wa Kibantu wenye ngeli na viambishi vinavyofanana, mshono hupotea, na hapo ndipo fani yetu ilipozembea. Lyn Harries alichapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950, kazi ya kuheshimiwa. Lakini kitabu cha sarufi hulazimika kuitenga lugha na jirani zake, nasi tukaridhika na utengo huo kana kwamba watu wenyewe husema hivyo.

Sipambi mambo: si kila penye lugha mbili pana hamahama. Mtoto anayesemeshwa Kimwera na bibi yake, naye siku zote akajibu kwa Kiswahili, hahamihami huyo, amehama.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi mtokao wilaya hizo mbili: mkienda likizo, ombeni idhini ya wenyewe, mrekodi mikutano, misiba na mabishano ya sokoni, kisha muyaandike mazungumzo kama yalivyosemwa, bila kukisafisha Kimwera kwa kuondoa Kiswahili, wala Kiswahili kwa kuondoa Kimwera. Na karatasi zenu zikirudi na maneno msiyojua yahesabiwe katika lugha ipi, msiyafute. Yatieni mstari, mniletee.