Sala Mbele ya Mizani
(Hotuba ya Katibu, Ndalambo)



Nimetakiwa niseme machache juu ya imani ya mtu awapo kazini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokabidhiwa ukatibu, nilikuwa nikifungua kila mkutano kwa sala ya dhehebu langu, tena ndefu. Mzee wetu mmoja, Mwislamu, mkulima wa ufuta, alikuwa akiingia daima sala imekwisha, nami nikamwandika daftarini kuwa ni mchelewaji. Siku moja tulipitisha makato ya kila kilo kwa ajili ya kutengeneza ghala. Alipoingia, mikono ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Nilipomwuliza, akanijibu kwa upole: “Mwanangu, mimi hufika kabla yako. Husimama chini ya mwembe mpaka mmalize ibada yenu.” Basi mtu aliyelipa kiingilio na hisa kama mimi alikatwa fedha zake bila kusikilizwa, na sababu ilikuwa sala yangu!

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, hukumbukwa pia kwa kutopendelea dini wala siasa. Mwaka 1995, vyama vya ushirika vya dunia vilipokutana Manchester, viliandika katika kanuni ya kwanza kwamba uanachama ni wa hiari, nao hauna ubaguzi wa dini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, humpa kila mtu uhuru wa imani yake. Haimwambii aiache nyumbani. Karani wa mizani amchaye Mungu ni faida kwetu sote. Siku hizi tunafungua mkutano kwa kunyamaza kidogo, kila mtu aombe kwa namna yake.

Siku za kupima mazao zilitusumbua zaidi. Wasabato hawapimi Jumamosi, Wakristo wengine hawataki Jumapili, na Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Kwa hiyo tunapima Jumatatu hadi Alhamisi. Mnaonung’unika kwamba juma limekuwa fupi, mna haki, lakini sijaona njia nyingine.

Limebaki jambo la riba. Wako wenzetu wasiochukua mkopo wa mbolea kwa kuwa dini yao imekataza riba, na mahindi yao hudumaa pembeni mwa yetu. Shauri langu ni hili: chama kinunue mbolea kwanza, iwe mali yake, kisha kimwuzie mkulima kwa bei iliyotajwa wazi, alipe baada ya mavuno, wala bei isiongezwe akichelewa. Mweka hazina anahofia wachelewaji, na hofu yake si ya bure. Wadhamini wawili kwa kila mkulima huenda wakatosha. Naomba shauri hili lijadiliwe katika mkutano mkuu ujao, kabla mvua hazijaanza.